Hapa Joto Halitajwi

Jumapili, 1 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama mzima, na tanuri zima pia, maana najua likiugua tanuri nyumba yote inaugua. Mimi sijambo. Kile kikohozi nilichoondoka nacho kimeishia njiani.

Simu haziruhusiwi bwenini, kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani. Dereva wa lori la unga amekubali kutubebea. Kiwanda kiko nyuma tu ya shule, na kila akija kupakia unga wenu atamwachia mlinzi wa getini barua yako, achukue yangu. Amesema hataki malipo ila mkate wa moto. Usimpe wa jana, ataujua.

Nimepewa chumba ghorofa ya tatu, juu kabisa. Tuko wawili. Mwenzangu wanamwita Redio kwa sababu hazimwi. Anaongea hata akipiga mswaki. Mimi limenifaa hilo, maana unanijua, mtu akinisalimia ghafla namjibu akishapita kona. Sasa watu wakiniuliza kitu, Redio anajibu, mimi natikisa kichwa kuthibitisha.

Mkuu wa shule aliniita siku ya kwanza. Alinikumbusha kwamba nafasi yangu ya darasa la sayansi ni ya majaribio, kwa kuwa alama zangu za kuingilia zilikuwa mguu ndani mguu nje. Mtihani wa mwisho wa Machi ndio utakaoamua. Nikivuka nabaki hadi nimalize. Nisipovuka nafasi anapewa mwingine anayesubiri, nami narudi nyumbani. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Kuhusu chumba usiwe na wasiwasi. Tuko juu, tunaona hadi moshi wa kiwanda, na kuna hewa nzuri.

Akupendaye,
Mwanao


Alhamisi, 5 Februari

Konokono wangu,

Marahaba, tena mara mbili, moja yangu na moja ya Mama yako, ambaye amenuna kwa kuwa hukumwandikia shikamoo yake peke yake. Sisi wazima. Tanuri nalo zima, ila mlango wake umeanza kulia kama mtoto wa jirani. Nitautia mafuta.

Barua yako niliisoma mimi kwanza, halafu Mama yako akaisoma kwa sauti pale dirishani anapouzia, foleni ikawa ndefu kwa sababu hakuna aliyetaka kuondoka katikati. Fundi viatu akauliza, "Kwa hiyo mtoto anakaa juu kuliko wote?" Nikamwambia juu kuliko wote, upepo mtupu! Usinilaumu. Mtu anayeshinda mdomoni mwa tanuri akisikia mwanawe anapigwa na upepo, lazima aringe kidogo.

Tumepata msaidizi mpya, mama wa makamo, mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Tumempa jina la Hamira kwa sababu hasira zake zinaumuka upesi. Siku ya kwanza hajamaliza hata kufunga kitambaa kichwani akasema, "Jamani, joto la humu!" Kila mtu akaacha kukanda. Nikamwonyesha rundo la trei.

"Hizo za nini?"

"Za kuosha, dada yangu. Hapa joto halitajwi. Atakayelitaja anaosha trei zote. Sheria ya babu yangu, mimi nimeirithi tu pamoja na tanuri."

Akaziosha huku akinitukana kwa heshima zote.

Nakuletea blanketi langu zito, lile la mistari. Huko juu usiku upepo lazima unauma. Jifunike, ule, usome. Mguu mmoja ulio nje tutauvuta ndani.

Baba yako


Jumapili, 15 Februari

Baba,

Shikamoo. Na hii naiandika mstari wake peke yake:

Shikamoo Mama.

Hamjambo? Mlango wa tanuri umenyamaza? Sisi tuko salama, ila Redio ana vipele shingoni na mimi kichwa kinanigonga mchana. Si kitu.

Blanketi limefika, asante sana. Redio alipoliona likitoka mfukoni alicheka hadi akaketi sakafuni. Sijui alichekea nini. Nimelikunja vizuri.

Nina jambo la kukuambia na sijui nilianzie wapi, basi nalianzia katikati. Sifanyi vizuri. Kila Ijumaa tuna jaribio, na yote mpaka sasa nimekuwa wa chini. Si kwamba sisomi. Tukishakula mchana kengele inagonga, kila mtu anatakiwa awe chumbani kwake, mlango umefungwa, asome kimya hadi saa kumi. Mimi nakaa mezani muda wote huo, Baba, naapa. Nasoma mstari, nikifika mwisho nimesahau ulianzaje. Narudi. Nafika mwisho tena, umekimbia tena. Kengele ya saa kumi inanikuta na ukurasa mmoja, na huo ukurasa nimeuchukia.

Halafu unajua tunafundishwa kwa lugha ya pili. Nikichoka, hiyo ndiyo inayonitoroka kwanza. Juzi mwalimu wa kemia aliniuliza swali. Jibu nilikuwa nalo, nililiona kabisa limekaa mbele yangu, ila limevaa Kiswahili. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Akasema, "Wewe umekuja kusoma au kulala?" Darasa zima likacheka. Redio yuko darasa jingine, angekuwepo angenijibia.

Nimefikiri sana. Labda kichwa changu hakikuumbiwa haya. Labda Mkuu aliliona mapema kuliko sisi. Ukiniruhusu nirudi kabla ya mtihani, nitakuwa nimejiondoa mwenyewe, sio kuondolewa. Kukanda najua, kusokota najua. Wateja wananijua kwa sura hata kama hawajawahi kusikia sauti yangu.

Nijibu, ila usinihurumie.

Mwanao


Jumatano, 18 Februari

Konokono,

Marahaba. Mama yako amepokea yake na ameifurahia, ameikata kwa mkasi akaibandika ukutani. Kwa hiyo barua yako sasa ina tundu.

Nimesoma mambo yako nikakaa nayo. Mama yako alisema, "Mwambie abaki." Nikamwuliza, "Na kama anaumia?" Akasema, "Kuumia kwa nini, kaumwa na kitabu?" Tukabishana hadi trei moja ikaungua chini. Tuliiuza kwa fundi viatu, yeye anadai anaipenda hivyo. Kwa hiyo katika nyumba hii huna jibu moja, una mawili. Mimi nasema mlango uko wazi. Hakuna atakayekuuliza kwa nini umerudi, na atakayeuliza sitamuuzia mkate.

Lakini kabla hujafunga sanduku, naomba nikuulize kama mwokaji. Mkate ukiniharibikia siulizi kwanza kama unga ni mbaya. Nauliza, umeharibika saa ngapi, na ulikuwa umewekwa wapi. Sasa niambie na wewe. Akili inakutoka saa ngapi? Ukiwa umekaa wapi? Na asubuhi ukiamka, iko au haipo?

Ukinijibu "sijui" nitajua unanificha, kwa sababu wewe tangu utoto huongei lakini kuona unaona.

Baba yako


Jumapili, 8 Machi

Baba,

Shikamoo. Shikamoo Mama. Naomba barua hii isisomwe dirishani.

Najua mmekaa siku nyingi bila neno langu. Dereva hana kosa. Alikuja kama kawaida, mlinzi akaniita, nikamwambia sina barua. Nilikuwa nazo, ila kila nikiandika moja naichana.

Maswali yako yalinikasirisha kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Asubuhi akili iko, Baba. Naamka kabla ya kengele, nashuka bwaloni kabla halijajaa, sakafu ya saruji ina ubaridi, nafungua daftari na kila kitu kinaingia. Wenzangu wanakuja kuniuliza hesabu. Nawaandikia jibu kwenye karatasi, lakini ni jibu sahihi. Kisha jua linapanda, tunakula, tunapandishwa chumbani, na huko juu nakuwa mtu mwingine.

Kuna joto.

Nimeliandika, na mkono haujakauka. Kuna joto, Baba. Juu yetu hakuna dari, kuna bati tu, na bati lenyewe ukilitazama mchana linakutazama pia. Linalia, tak, tak, likitanuka. Dirisha letu limepigiliwa misumari, kwa sababu mwaka jana wasichana walikuwa wakishusha ndoo kwa kamba kununua karanga kwa muuzaji wa barabarani. Kwa hiyo hewa inayoingia ni ile inayopita chini ya mlango, na mlango nao Matroni, msimamizi wa bweni, anataka ufungwe. Jasho linanitiririka kwenye mkono hadi kwenye karatasi, wino unapanuka, sisomi tena nilichoandika. Tunamwaga maji sakafuni tunalala juu yake kama samaki. Usiku bati linakuwa limemeza jua la mchana, linatutemea sisi. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Juzi mimi na Redio tuligombana kwa ajili ya sabuni. Kipande cha sabuni! Tukalia wote wawili, halafu tukaanza kucheka, halafu tukaacha kwa sababu kucheka nako kunatoa jasho. Sasa unajua alichekea nini siku ile ya blanketi. Alisema, "Baba yako ametuma kifuniko. Mwambie alete na unga, tutaiva vizuri."

Nilikudanganya kuhusu hewa. Ningekuambiaje? Mikono yako ina alama za trei hadi kwenye kiwiko. Sijawahi kukusikia ukilitaja, hata ile siku vidole vilipokuvimba. Nimekua nikijua kwamba watu wa nyumba yetu wanaweza kulalamikia mvua, panya, bei ya unga na miguu kuuma, lakini joto hapana. Nikawaza, yeye amesimama mbele ya moto ili mimi nikae kwenye kiti nisome, halafu nimwandikie kwamba kiti kina joto? Nilipofeli, ilikuwa rahisi kuamini kwamba mimi ni mjinga kuliko kuamini kwamba mimi ni deke.

Ndiyo hivyo. Mtihani ni mwisho wa mwezi huu.

Mwanao


Jumanne, 10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Haikusomwa dirishani. Mama yako alifunga dirisha kabisa, wateja wakagonga wakachoka, tukaisoma wawili tumekaa juu ya magunia.

Sikiliza. Joto la kazi na joto la makao hayakuzaliwa tumbo moja. Mimi tanuri likinizidi natoka, nakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, Mama yako ananipa maji na maneno, napoa, narudi. Jioni nalifunga naliacha huko. Nalala chumba cha mbele madirisha wazi. Wewe umetiwa ndani ya tanuri, mlango ukafungwa, ukaambiwa soma. Hata mkate hausomi humo!

Na donge la unga, wewe mwenyewe unalijua, likiwekwa mahali pa moto mno halifi palepale. Linaumuka haraka, mtu mgeni anafikiri limefaulu. Kumbe ndani limechoka. Ukilitia tanurini linalala chali. Halafu mtu anasema unga mbaya! Unga haukuwa na neno.

Sasa nikupe aibu yangu na mimi. Joto nalitaja kila siku. Naenda nyuma ya stoo, nalitaja kwa sauti, nalitukana, najimwagia kopo la maji, narudi na uso mkavu. Miaka yote hiyo. Wiki iliyopita Hamira alikuja kuchukua ufagio akanikuta katikati ya tusi. Akasimama, mikono kiunoni. "Mwenye sheria," akasema, "trei ziko kule." Nikaziosha zote huku Mama yako akisimamia na watu wakileta viti. Ulidhani baba yako ni jiwe, na kosa ni langu, nilijifanya jiwe vizuri mno.

Deke wewe si deke, wala mjinga. Ijumaa napanda lori nakuja kuongea na huyo matroni wenu. Nitamweleza taratibu. Akishindwa kuelewa taratibu, sauti ninayo.

Baba yako


Alhamisi, 12 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika nimesimama, dereva ananisubiri getini.

Usije. Tafadhali. Nakujua, utaanza taratibu, halafu utaingia ile sauti ya kuitia wateja, na shule nzima itanijua kwa siku moja. Nitaingia ndani ya ganda nisitoke hadi mwakani.

Lakini si hilo tu. Ukisema wewe, ukishaondoka nitakuwa bado sijasema. Kuna majibu mengi nimekaa nayo mdomoni tangu nifike hapa. Nipe wiki moja nijaribu hili moja. Nikishindwa, njoo na sauti yako yote.

Umeniambia unalitaja nyuma ya stoo. Nimecheka peke yangu ngazini, watu wamenitazama, na sikujali sana.

Mwanao


Ijumaa, 13 Machi

Konokono,

Dereva alinipa barua yako nikiwa nimeshakaa kiti cha mbele, nimevaa koti la harusi, Mama yako ameshanipaka mafuta usoni. Nikasoma. Nikashuka. Hamira akauliza, "Safari imekuwa fupi?" Nikamwambia fupi lakini nzuri.

Una wiki yako. Sikufundishi la kusema. Kula vizuri kabla ya kwenda kwake, mtu mwenye njaa sauti yake haifiki mlangoni.

Mama yako anasema anakuombea. Mimi pia, ila mimi naomba nikiwa na koti, nimeona si vizuri livaliwe bure.

Baba yako


Jumapili, 22 Machi

Baba, na Mama,

Shikamoo zenu, kila mtu achukue yake. Mmeamkaje? Mimi nimeamka vizuri, na leo maneno hayo yana maana yake.

Nilimfuata Matroni mara mbili. Mara ya kwanza nilifika mlangoni pake, akatoka, nikamwuliza saa. Mara ya pili nikamwuliza saa tena. Akanitazama sana, kwa sababu saa ilikuwa ukutani, juu ya kichwa changu.

Nikajua kwa mdomo sitaweza kuanza. Nikawaza, ni nini kingine ninacho? Matroni hukagua vyumba alfajiri, kabla jua halijapanda. Saa hiyo hata chumba chetu ni cha watu. Wasichana wa mwaka jana walipomwambia kuna joto, aliwajibu, "Mimi si naingia humo kila siku?" Na ni kweli, anaingia, anatoka, anashangaa watu wanalalamikia nini. Lakini kuna sheria nyingine: asiyetandika kitanda anaadhibiwa. Matroni anapanda mwenyewe saa ile ya kujisomea, anaketi kwenye kiti, na unatandika na kutandua mbele yake hadi mikunjo iishe.

Jumatano sikutandika kitanda.

Redio aliniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia hapana. Akaangalia kitanda, akaniangalia mimi, akasema, "Wewe kimya kimya wewe, una hatari." Na yeye akavuruga cha kwake.

Matroni akaja mchana, jua likiwa pale pale linapokuwa baya. Akavuta kiti. "Haya, haraka." Nikaanza. Sikufanya haraka. Nilitandika shuka, nikatandua. Nikalitoa blanketi lako chini ya kitanda, Baba, nikalitandika pole pole, nikalinyoosha kona moja moja. Bati likaanza, tak, tak. Matroni akalegeza kitambaa cha kichwa. Akachukua daftari la ukaguzi akawa anajipepea. Akaanza kutuhubiria juu ya usafi, akafika katikati ya sentensi akasahau alikuwa anasema nini. Nilimwonea huruma, maana hapo napajua.

"Fungua dirisha," akasema.

"Lina misumari, Matroni," akasema Redio.

"Kalipigilia nani?"

Redio asiyezimwa akazima. Aliyeagiza misumari ni Matroni mwenyewe.

Akafuta uso. Akatazama bati, akatazama meza, pale kwenye daftari langu lenye madoa. "Mbona humu mko hivi?"

Nikangoja Redio ajibu. Redio akaniangalia tu. Halafu nikasikia mtu anaongea, na sauti ilikuwa kama ya chumba cha pili, lakini ilikuwa yangu.

"Tunasomea humu, Matroni. Saa hizi, kila siku. Nafasi yangu ni ya majaribio na mtihani ni mwisho wa mwezi huu. Joto limenishinda. Naomba nisomee bwaloni."

"Kwa nini hukusema siku zote?"

"Naona haya."

"Haya ya nani?"

"Ya watu wote."

Nilidhani atakasirika. Akajipepea. Mwisho akauliza, "Kitanda uliacha makusudi?"

"Ndiyo."

"Basi adhabu iko palepale. Utafagia bwalo kila siku baada ya chakula cha mchana, na utabaki huko ulilinde hadi saa kumi. Nenda na vitabu vyako, usije ukakaa bure." Akasimama. Mlangoni akageuka. "Na hilo blanketi, mwanangu, liondoe. Linaniumiza hata kulitazama."

Alhamisi fundi seremala alikuja na koleo, akang'oa misumari, akaweka wavu ili ndoo isipite. Ijumaa asubuhi Matroni alipanda kukagua akakuta ghorofa ya tatu nzima hawajatandika. Chumba kwa chumba! Redio alikuwa ametangaza. Matroni alisimama kwenye korido akasema, "Haya, nimeelewa, nimeelewa," na sasa wote wa juu tunashuka bwaloni mchana.

Usiku bado bati linatema, ila linatemea dirishani. Sitaki uwaambie wateja kwamba mambo yamekuwa mepesi. Mengi ya Februari hayakuingia kabisa, nayaanza upya, na mtihani unaanza Jumatatu ya tarehe 30. Lakini nasoma mstari, na nikifika mwisho, mwanzo wake bado upo.

Mwanao


Jumapili, 12 Aprili

Baba, Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Kama hamkunisikia wiki tatu hizi msidhani nilichana barua. Sikuandika hata moja.

Matokeo yamebandikwa nje ya ofisi. Sikuweza kwenda na umati, nikangoja watu waishe. Kuna mstari mwekundu umepigwa katikati ya karatasi: walio juu yake wanabaki. Nilianza kujitafuta chini, kwa mazoea. Nikapanda. Sikujiona, nikaanza kuogopa kwamba wamenisahau. Jina langu ni la mwisho juu ya mstari. La mwisho kabisa, Baba, wino mwekundu umegusa herufi za chini. Lakini liko juu.

Kemia nimepata vibaya. Mwalimu ameniambia nimfuate Jumanne. Nilimwuliza, "Saa ngapi?" na safari hii nilikuwa nataka kujua kweli.

Kwa hiyo nabaki hadi nimalize. Nimefurahi hadi nimeshindwa kula. Halafu nilipopanda ngazi nikakumbuka ninyi wawili juu ya magunia, na ile harufu ya trei ya kwanza, nikakaa ngazini kidogo. Redio akaja akakaa pembeni yangu.

Mwanao


Jumatano, 15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Mama yako ameisoma hii dirishani bila ruhusa yako, mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anaongeza ya kwake. Fundi viatu amedai yeye alijua tangu mwanzo. Siku ile hatukuuza, tuligawa. Tuko wazima, ila sauti zimetukauka.

La mwisho juu ya mstari ni juu ya mstari. Asikudanganye mtu.

Nimetoboa ukuta wa nyuma, upande wa stoo, tundu la kimo cha mtu mzima. Hamira alishika nyundo akanipokonya kwa kuwa niligonga kama naogopa kuamsha mtu. Sasa kuna hewa inapita kati ya tanuri na meza, na siendi tena kutukania nyuma, maana nikitukana wote wanasikia. Ile sheria nayo nimeivunja mbele yao. Watu wataje wanachokiona.

Kuna kitu sikukuandikia. Siku ile ya Februari uliposema labda urudi, na mimi nikasema mlango uko wazi, nilivuka barabara hadi kwa fundi cherehani nikamwambia anishonee aproni ya kimo chako. Nyeupe, mfuko mkubwa mbele, kwa sababu hupendi mikono yako kuonekana watu wakikutazama. Niliitundika stoo, nyuma ya mlango. Mama yako aliiona, hakuniuliza. Na nilipokuwa nakuombea, nilikuwa naomba mawili kwa pumzi moja: avuke, na arudi. Sikuwa nimefikiri kwamba moja likija, la pili halina njia. Nimelifikiri Jumatatu, nikiwa na barua yako mkononi na watu wakishangilia.

Usije ukasikitika. Nilicheka nao, na sikuwa najifanya.

Jana asubuhi nilimpa Hamira ile aproni. Imembana kiunoni. Kaivaa hivyo hivyo, akaja akasimama upande wako wa meza, nami nikamsogezea unga.

Baba yako